Tumtoe gadi wetu tupate senta wa kuzuia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa timu ya kikapu ya mtaani hapa Mwanga, Kigoma, na mwalimu asipofika nasimamia mimi. Msimu huu tunafungwa chini ya ringi kama hatupo. Timu moja ya Tabora ina senta, yaani yule mrefu wa kulinda chini ya ringi, wa sentimita 203. Kufunga hafungi, ila kwa bloku, yaani kuipangua mitupo ya wapinzani, ni balaa. Wako tayari kutuachia, lakini wanamtaka pointi gadi wetu, mpeleka mpira, ambaye ndiye mfungaji wetu mkuu. Kamati imegawanyika, na wanaotaka senta wananiambia nimtazame senta Rudy Gobert alivyoibadilisha Minnesota kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Tukubali?

JIBU: Marahaba, katibu. Kwa bei hiyo, hapana. Kwa bei nyingine, kubalini kabla wenzenu hawajaghairi.

Nianze na Gobert, maana siku hizi kila mwenye kijana mrefu ananitajia jina lake. Julai 2022 Minnesota waliwapa Utah wachezaji watano pamoja na haki nne za kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza. Msimu wa kwanza wakashinda mechi 42, wakapoteza 40, watu wakacheka. Msimu uliofuata wakashinda 56, wakafika fainali ya kanda ya Magharibi, na Gobert akapewa tuzo ya mzuiaji bora kwa mara ya nne. Wenzako wanakumbuka huo msimu wa pili tu. Hawaangalii nani alibaki: Anthony Edwards, gadi na mfungaji wao mkuu, hakuguswa. Tena Februari 2023 wakamchukua Mike Conley, gadi aliyecheza na Gobert kule Utah na anayejua jamaa anaupendea mpira wapi. Yaani waliomleta senta ikawabidi watafute na gadi wa kumlisha. Ninyi mnataka kumfukuza mpishi siku ileile mnayomkaribisha mgeni.

Philadelphia nao, Februari 2001, walimchukua senta Dikembe Mutombo, jirani yetu wa Kongo, wakaenda naye hadi fainali, wakafungwa na Lakers 4-1. Miongoni mwa waliowatoa alikuwamo Theo Ratliff, mpiga bloku mwenzake, tena akiwa majeruhi. Allen Iverson, gadi na mfungaji wao mkuu, alibaki palepale.

Sasa tuje kwenu. Kuna jambo linalompa senta huyu thamani kwetu kuliko angekuwa nayo Marekani, na sidhani kamati yenu imeligusa. Kwenye NBA mzuiaji asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa ndani ya eneo la ringi zaidi ya sekunde tatu. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambazo ndizo tunazochezea, zina sekunde tatu za mshambuliaji peke yake. Senta wenu anaweza kusimama pale chini mchana kutwa kama mlinzi wa benki. Na mtupo wa kawaida ukishagusa ringi, FIBA inamruhusu kuupangusa hata kama mpira bado unazunguka juu yake. Mtu wa sentimita 203 hapo anavuna bila jasho. Ongeza viwanja vyetu vya saruji vya wazi, upepo wa jioni kutoka ziwani, na lile jua linalozamia upande wa Kongo likimpiga usoni anayetupa kwenye ringi la magharibi. Wengi huacha mitupo ya mbali, wanapenya. Wakipenya wanamkuta yeye.

Lakini msimpime kwa bloku. Nilimtazama senta wa aina hiyo Tabora, mechi ya jioni. Gadi wa wapinzani alimpita mtu wake wa kwanza, akampita wa pili, ringi likawa lake. Akainua macho. Akauona ule mkono. Akageuka na mpira wake hadi kwenye kona, akatoa pasi mbovu, mpira ukatoka nje. Mwandika matokeo hakuandika chochote kwa jina la senta, kwa sababu karatasi yake haina safu ya mtu aliyeghairi. Nilihesabu tisa wa namna hiyo kabla ya mapumziko. Bloku alikuwa nazo mbili.

Aina nyingine ya senta naijua kwa kuumia. Timu moja niliyoifundisha zamani ilimpokea mrefu mmoja kwa shangwe, nami nilikuwa wa kwanza kushangilia. Kwenye mechi ya pili kijana mfupi, kiatu kimeachia soli mbele, alimfanyia feki, yaani akajifanya anatupa. Senta akaruka. Faulo. Akamfanyia ileile tena, akaruka tena. Robo ya pili haijaisha, ana faulo tatu, na kwetu ya tano ni kutoka, si ya sita kama NBA. Tukacheza nusu nzima iliyobaki tukiwa na urefu wetu uleule wa zamani, huku mchezaji tuliyemtoa akitufunga.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua yoyote, chukua daftari mechi mbili zijazo na kila kikapu mnachofungwa ujue kimetoka wapi. Kama wanawapita magadi wenu na kufika ringini bila kupingwa, senta ni dawa. Kama ni ribaundi ya pili na ya tatu, yaani wanadaka mtupo uliokosa na kutupa tena, hilo ni kosa la kutomwekea mtu mgongo, na mnaweza kulirekebisha Jumatatu bila kumsafirisha mtu. Kama mnaporwa mpira katikati ya uwanja mkafungwa mkimbizano, hata Mutombo mwenyewe asingewasaidia, kwa sababu hadi afike mpira ungekuwa umeshaingia. Na hapo kumtoa pointi gadi ni kujimwagia petroli.

Mkikutana na timu yenye watupaji wazuri wa mita 6.75, yaani wa pointi tatu, jueni senta anayebaki chini baada ya skrini, pale mshambuliaji anapomzibia njia mzuiaji wa mwenzake, atawaacha wazi. Kigoma hawajawa wengi. Bado.

Kuhusu bei: wapeni winga na mmoja wa benchi, pamoja na nauli ya treni ya huyo senta. Wakikataa, waambieni mtarudi msimu ukiisha. Mtu asiyefunga hana foleni ndefu mlangoni, hata wao wanalijua hilo.

Urefu usiwatie kiwewe. Hasheem Thabeet wetu, sentimita 221, alichaguliwa wa pili NBA mwaka 2009. Stephen Curry, gadi aliyekuja kuwa nyota mkubwa, alikuwa wa saba mwaka huohuo.

Panda treni uende Tabora ukamtazame mwenyewe. Usikae jukwaa kuu na viongozi wao watakaokupa soda na maneno, kaa nyuma ya ringi analolinda. Angalia miguu yake akifanyiwa feki. Sikiliza kama anawapigia wenzake kelele skrini inapokuja, maana senta bubu ni nguzo tu. Angalia kama anadaka pasi akiwa anakimbia. Hesabu waliogeuka. Kisha muulize anavaa viatu namba ngapi, kwa sababu kama ni 50 hutavipata Mwanga wala Ujiji, na gharama hiyo itaangukia kwenye mfuko wa katibu.