Taka za gereji zinaishia wapi?

SWALI: Nina gereji ya magari madogo Tabata. Mkandarasi wa taka wa mtaa wetu anabeba kila kitu kwa pamoja: mabaki ya chakula, makopo, filta, matambara yenye oili, hata betri mbovu. Nikimuuliza anavipeleka wapi, jibu ni "dampo". Dampo lipi? Na nikishalipa ada, mimi si nimemaliza?
Mwenye gereji, Tabata

JIBU: Ni Pugu Kinyamwezi. Zamani dampo lilikuwa hapo hapo Tabata, mpaka wakazi walipoishitaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya moshi na harufu, katika kesi iliyoamuliwa 1988. Taka zikahamia Vingunguti, zikaenda Mtoni, ndipo zikafika Pugu.

Hujamaliza. Mabaki ya chakula na karatasi mpe mkandarasi, hiyo ndiyo kazi yake. Oili chafu, filta na betri ni taka hatarishi, na anayezibeba lazima awe na kibali chake mbali na ule mkataba wa taka za mtaa. Zikichanganywa na takataka nyingine, mvua inazipitia, yale maji meusi yanayochuruzika chini ya lundo yanabeba oili na risasi (ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri), kisha yanateremka kuelekea mabondeni. Wazoataka nao wanazishika kwa mikono mitupu.

Oili iweke kwenye pipa la lita 200 lenye mfuniko, juu ya sakafu ya zege, chini ya paa. Usilijaze hadi mdomoni. Acha kama kiganja kimoja, maana oili hupanuka kwa joto. Kosa tunaloliona sana ni fundi kumwagia humo humo maji ya rejeta, mafuta ya breki au petroli ya kuoshea vifaa. Pipa likishaingia maji, mnunuzi wa oili analikataa, na petroli inalifanya liwe rahisi kushika moto. Kila kimoja kiwe na dumu lake, na uandike jina juu yake.

Filta itoboe kichwani ingali na joto, iinamishe juu ya beseni usiku kucha, ndipo iende kwa vyuma chakavu. Betri usiipasue wala kumwaga maji yake. Iuze nzima, ikiwa imesimama wima. Vumbi la mbao lililonyonya oili usilifagilie mtaroni. Liweke pamoja na matambara kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko.

Anayekuja kuchukua mwombe nakala ya kibali, na kila safari akuandikie tarehe, kiasi, namba ya gari na mahali anapopeleka. Akisitasita kuandika mahali, usimpe. Ofisi ya NEMC, taasisi ya serikali inayosimamia mazingira, itakueleza nani anaruhusiwa. Karatasi hizo zitunze kwenye faili. Mkaguzi akikuta oili mtaroni karibu na gereji yako, ndizo atakazokuomba kwanza.