Legend of Crimson inakuja baada ya sizoni ya 2

Hapana bro, hiyo Legend of Crimson, ile muvi ya KonoSuba (anime ya vichekesho, katuni za Kijapani), usianze nayo. Umeuliza kama inajitegemea, kistori inaeleweka ndio ila utani nusu utakupita juu ya kichwa maana inakuchukulia kama unawajua tayari Kazuma, mhusika mkuu, na wale wenzake watatu wasio na faida. Angalia sizoni 1 (2016), ya 2 (2017), ndo muvi iliyotoka 2019, halafu sizoni 3 ya 2024 inaendelea kuanzia hapo. Ile sizoni ya Megumin (mmoja wa wale watatu) peke yake ya 2023 ni mambo ya kabla hajakutana nao, hiyo unaweza kuiweka popote.

Na muvi yenyewe tamu, asikudanganye mtu. Yunyun, rafiki na mpinzani wa Megumin, anakuja mbio kwa Kazuma anamwambia anataka kuzaa naye, jamaa akili zinaruka hapohapo, kumbe kuna barua nyuma yake (siispoili). Basi wanafunga safari mpaka kijijini kwao Megumin na huko ndo kichekesho chenyewe, kijiji kizima ni wachawi hatari wenye macho mekundu ila kila mtu lazima apige pozi na kujitangaza kwa majigambo ndo akusalimie, Megumin tuliyemwona kichaa miaka yote kumbe kwao ni mtu wa kawaida kabisa 😂 Mamake sasa, yule mama muogope.

Sylvia kama adui nilimwona wa kawaida mpaka dakika za mwisho. Kwenye muvi studio ilibadilika kutoka Deen ya sizoni mbili za kwanza kwenda J.C.Staff lakini sura za ajabuajabu za wahusika zipo vilevile