Gari la kwanza: jibu la mama kwa binti yake wa Newala

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata na nimeuelewa. Unasema tangu umalize chuo cha uuguzi na kuanza kazi huko Newala umejiwekea milioni 8, na sasa umesimama njia panda: Vitz ya mkononi aliyokuonyesha dalali wa Mtwara mjini kwa milioni 7 na laki 8, au uongeze mkopo uagize gari Japani, au uchukue Subaru Forester kama mwenzako mliyesoma naye. Na umeuliza kama kwa mshahara wa kuanzia gari ni anasa, ungoje kwanza.

Nianze na hilo la mwisho. Si anasa hata kidogo. Binti anayetoka zamu usiku na kupanda bodaboda kwenye njia ya mchanga, gizani, na dereva asiyemjua, anahitaji gari. Mimi mwenyewe usingizi hauji vizuri siku za zamu zako. Nunua. Ila kwa hiyo milioni 8, bei ya gari isizidi milioni 6.

Najua utaona nakubania. Lakini gari la mkononi halijawahi kukabidhiwa likiwa limekamilika. Kuna kuhamisha umiliki TRA, kuna bima, walau hiyo ndogo, halafu oili na filta, plagi, na karibu kila mara tairi mbili au bushi za mbele. Nimepeleka samaki Nachingwea kwa Probox kwa miaka mingi, na nimeshuhudia wenzangu wakinunua magari mazuri kuliko langu, kisha yakalala gereji kwa kukosa laki 3 za spea. Gari likilala huku pwani chumvi inaendelea kulila. Hiyo milioni 2 usiihesabu kama pesa iliyobaki, ni sehemu ya gari.

Kuagiza Japani kwa pesa yako haiwezekani kwa sasa. Bei unayoiona mtandaoni haina kodi ya hapa. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna VAT asilimia 18, na magari ya bei yako mengi yamezidi miaka 10 tangu yatengenezwe, kwa hiyo yanaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Isitoshe TRA wana thamani yao ya gari ya kukokotolea kodi, hawaangalii tu risiti yako. Pengo hilo utalizibaje? Kwa mkopo. Na ninavyojua wanaokopesha haraka haraka hapo mjini ni wale wa kausha damu, wenye riba ya kunyonya. Huko usikanyage, mwanangu, hata kwa laki 5.

Subaru sina ugomvi nayo. Ina nguvu, na kwenye mchanga wa huko Umakondeni ingekufaa. Lakini muulize mwenzako fundi wake yuko wapi na spea anazitoa wapi. Ukikaa kusini, swali la spea ndilo swali lenyewe. Unakumbuka Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu kule Kilwa, mabasi yakakwama na kila kilichoagizwa Kariakoo kikakwama nayo? Vitz, IST, Probox, hata Raum, spea zake nyingi unazipata Masasi na Mtwara, na fundi wa chini ya mwembe anazifungua macho yamefumba. Tafuta yenye injini ya 1NZ au 2NZ, zinatumia cheni ya taimingi, si mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda. Ukiambiwa "hii ni D4, ina nguvu sana", yaani injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, shukuru uondoke. Mafundi wengi wa huku hawaipendi, na asiyeipenda atakuharibia.

Hiyo Vitz ya dalali sijaikataa. Ikaguliwe, na kama ni nzima mshushe bei. Gari ni kama samaki, anayekuuzia anakuonyesha magamba, wewe funua shavu. Mwambie dalali asiliwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, rudi siku nyingine asubuhi, maana injini baridi ndiyo inayosema kweli. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando mweupe mzito kwa ndani, maji yanaingia kwenye oili, huenda gasketi ya silinda hedi imekufa. Liwashe, usimame nyuma: moshi wa bluu ni oili inaungua, mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji. Chomoa stiki ya oili ya gia uinuse. Ikinuka kuungua, achana nalo, gia ikifa itakula akiba yako yote.

Halafu inua zulia miguuni kwa dereva, na kwenye buti toa tairi la akiba utazame chini yake. Kutu na matope makavu vinajificha humo, kwa magari yaliyokaa karibu na bahari au yaliyozama kwenye mafuriko. Nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, ipitishe kwenye milango na mafenda. Pale isiponasa, chini ya rangi kuna puti ya kuzibia palipogongwa au palipooza. Tairi nazo zina namba nne ubavuni, 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019, kwa hiyo usidanganywe na weusi wake.

Kadi ya gari iwe halisi na iwe mkononi mwa mwenye jina. Watu huziweka rehani kadi kwenye mikopo, ukaja kunyang'anywa gari ulilolipia. Linganisha namba ya chesisi kwenye gari na kwenye kadi, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki uone kama linadaiwa faini, na muandikishane kwa wakili. Ukiambiwa "utahamisha baadaye", hapo hakuna biashara.

Na kama si hiyo, usikimbilie kununua wakati pesa za korosho zimetoka. Oktoba hadi Desemba kila mtu ana hela na wauzaji wanalijua hilo. Subiri Februari au Machi, mwenye ada za watoto mezani atakusikiliza.

Moja la nyumbani: ukishakuwa na gari utapigiwa simu za misiba, harusi na unyago kutoka kila kona. Nenda unapoweza, lakini anayekuita atie mafuta. Nitawaambia mimi mashangazi zako, wewe usijitie aibu.

Nimeshaongea na mjomba'ko fundi. Gereji hayupo Jumamosi hii, atapanda basi la asubuhi kuja Mtwara, nauli nimempa. Mkutane stendi, na hizo pesa ziache benki mpaka atakapomaliza kulikagua.

Mama yako,
Lindi