Kwa mnaoanza utafiti wa picha za tiba: anzieni chumba cha eksirei

Nimemaliza kusoma mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wapya, na karibu yote yanaanza na modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kusoma picha: jina lake, tabaka zake, usahihi wa asilimia tisini na kitu. Picha zimetoka wapi? Mstari mmoja. Nani atazitumia, na aamue nini? Hakuna neno. Wadogo zangu, najua mnavyokesha, na nawapenda kwa bidii hiyo. Ndiyo maana nawashika masikio mapema.

1. Wajue watu waliomo kwenye picha zako.

Kosa hili ni la fani yetu nzima, na bado linaniuma. Mwaka 2020 Uviko-19 ilipoingia, kila mwenye kompyuta na ujuzi wa akili mnemba alitaka kusaidia. Nia ilikuwa njema kabisa. Vipimo vya maabara vilichelewa, wodi zilijaa, na mashine ya eksirei ilikuwepo hata pale ambapo CT, mashine inayopiga picha za mwili kipande kwa kipande, haijawahi kufika. Ila picha za wagonjwa wa Uviko zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa za watu wazima. Za kulinganisha nazo zikatafutwa mtandaoni, na iliyokuwa karibu ni hazina ya picha za nimonia kutoka hospitali ya wanawake na watoto ya Guangzhou, China. Waliopigwa picha hizo ni watoto wa mwaka 1 hadi 5.

Timu nyingi zilizichukua bila kusema neno juu ya umri. Sasa jiweke mahali pa modeli. Kundi hili ni vifua vya watu wazima. Kundi lile ni mbavu ndogo, mifupa ambayo bado inakua, moyo unaojaza nafasi kubwa ya kifua kama ilivyo kwa mtoto mdogo. Kuna haja gani ya kuujua ugonjwa? Inatosha kutenganisha watoto na wakubwa, na alama zinapatikana za juu kabisa. Tukazichapisha, tukaziita utambuzi wa Uviko. Mwaka 2021 watafiti waliochambua kazi hizi kwa kina walibaki na makala 62 baada ya kuchuja mamia, na hawakuona hata moja iliyofaa kutumika hospitalini. Hata moja! Miezi ya kazi ya watu wenye akili, wakati watu wanakufa. Mpiga eksirei yeyote wa hospitali ya wilaya angetambua vifua vya watoto kwa kutupa jicho mara moja. Hakuitwa.

Na tulikuwa tumeshaonywa. Mwaka 2018 utafiti wa picha za vifua kutoka mifumo mitatu ya hospitali za Marekani ulionyesha kwamba modeli inaweza kujua picha imetoka hospitali gani karibu kila mara, ikisaidiwa na vitu kama ile alama ya madini inayowekwa pembeni kuonyesha kushoto na kulia. Hospitali moja ikiwa na wagonjwa wengi wa nimonia kuliko nyingine, modeli inajifunza hospitali badala ya ugonjwa.

Kwa hiyo: unapotenga picha za kufundishia modeli na za kuipimia, gawa data kwa mgonjwa, usigawe kwa picha; picha zote za mtu mmoja zikae upande mmoja. Seti ya majaribio, yaani hizo za kupimia, itoke hospitali nyingine. Pangeni kwenye jedwali umri, jinsia, aina ya mashine na mkao, AP (miale ikiingia kwa mbele) au PA (ikiingia kwa mgongoni), kwa kila kundi. WHO iliporuhusu kompyuta isome eksirei za kifua kuchunguza kifua kikuu, mwaka 2021, iliweka umri wa miaka 15 na kuendelea. Mwenzenu mmoja ameandika kwamba atapeleka programu hiyo kliniki ya watoto, na hana picha hata moja ya mtoto. Tutaonana, wewe unajijua.

2. Kaa kwenye chumba kabla ya kuandika programu.

Timu ya Google ilipopeleka Thailand mfumo wake wa kusoma picha za retina, utando wa nyuma ya jicho, za wagonjwa wa kisukari, ilifuatilia kazi katika kliniki 11 na kuchapisha ilichokiona, jambo la heshima. Zaidi ya picha moja kati ya tano zilikataliwa na mfumo kwa ubora hafifu. Vyumba vingine havikuwa na giza la kutosha, intaneti ilikuwa ya kusuasua, na mgonjwa ambaye picha yake imekataliwa aliambiwa aende kwa mtaalamu siku nyingine. Nauli, kibarua kilichoachwa, foleni upya. Muuguzi ndiye anayemtazama usoni mgonjwa huyo, kwa hiyo msikilize muuguzi.

3. Swali likiwa wazi, mashine ndogo inatosha.

Hapa ndipo napata moyo. Mbarara, Uganda, wakufunzi wanne na watu sita wasio na mafunzo ya kazi hiyo walijenga MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kutoka vipande vilivyokuja kwa ndege kutoka Uholanzi. Walipanga sumaku za kudumu moja moja, wakajaza pete 23, wakasuka koili za nyaya, na spektrometa yao, kifaa kinachotuma na kupokea mawimbi ya redio ya mashine, ni ya usanifu huria, yaani michoro yake iko wazi kwa yeyote. Tangu mzigo kufika hadi picha ya kwanza, takriban siku 11. Nguvu ya sumaku yake ni militesla 50 (tesla 0.05), yaani mara 30 chini ya mashine ya tesla 1.5 ya hospitali kubwa. Nani anaihitaji? Mtoto aliyejaa maji kichwani. Daktari anataka kuona maji yalipo na yamefikia wapi, na kwa swali hilo hahitaji kuona kila mkunjo wa ubongo. Tena mashine ikiharibika, waliokaza skrubu zake wako hapohapo.

4. Tunza DICOM halisi, yaani faili la picha pamoja na taarifa zake kama lilivyotoka kwenye mashine; usihifadhi JPEG, picha ya kawaida iliyobanwa, peke yake. Futa majina, hata yale yaliyochapwa juu ya picha ya altrasaundi. Kibali cha maadili kiombwe sasa, kinachukua muda kuliko mnavyodhani.

Kikao kijacho kila mmoja aje na jedwali la wagonjwa wake na jina la kituo alichokwenda kukaa japo siku moja. Modeli tutazifungua baada ya hapo.