Kwa wanaoanza urubani: kuruka bega kwa bega si suala la moyo

Wadogo zangu mnaoanza masomo ya urubani hapa Lubumbashi, kila mara mnanionyesha video zilezile kwenye simu: ndege kubwa za abiria zimejipanga angani, bawa karibu na bawa. Mnayoipenda zaidi ni ile ya 2014, Airbus ilipozirusha pamoja A350 zake 5 za majaribio. Kisha mnauliza: “Mkubwa, hawa watu wana moyo gani?” Moyo si hoja. Rubani wa kazi hii anatakiwa kuijua hewa anayoiacha mwenzake, na atabirike, yaani wenzake wajue sasa hivi atafanya nini sekunde 10 zijazo. Hayo mawili mtayahitaji Luano, uwanja wetu wa ndege, hata kama hamtagusa A350 maisha yenu yote.

Anzeni na uzito. Alpha Jet, ndege za Patrouille de France, kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga la Ufaransa, zina upana wa mabawa wa mita 9 hivi, na ukigusa usukani zinajibu papo hapo. A350 ina mabawa ya karibu mita 65, na ikijaa inapita tani 250. A380 inakaribia mita 80 na tani zaidi ya 500. Kitu kikubwa hivyo kikishaanza kusogea upande mmoja, mkono wa ghafla hauwezi kukirudisha.

Injini nazo huchelewa. Kanuni za kuidhinisha ndege kubwa, zinapopima uwezo wa kupaa tena baada ya kuahirisha kutua, huhesabu nguvu iliyopatikana sekunde 8 baada ya rubani kusukuma manete, yaani vishikio vya nguvu za injini, kutoka chini kabisa. Pigeni hesabu. Ukiachwa nyuma kwa mita 2 tu kila sekunde, sekunde 8 zikipita umeachwa mita 16. Mgeni akiona hivyo huongeza gesi mara ya pili kabla ya ile ya kwanza haijafika. Nguvu yote inakuja kwa pamoja, anamkimbilia kiongozi, na ndege nzito iliyokunja magurudumu na flapi, vile vibao vya nyuma ya mabawa, haipungui mwendo upesi. Madereva wa malori ya shaba kwenye barabara ya Kasumbalesa wanalijua hili: mwenye mzigo huanza kupunguza kabla kizuizi hakijaonekana. Kwa hiyo sahihisho liwe dogo, lifanywe mapema, kisha usubiri uone limefanya nini. Kusubiri huko ndiko wanafunzi wengi wanakoshindwa.

Watu humsifu anayefuata, lakini mimi naona kazi ngumu zaidi ni ya kiongozi. Hatumii kamwe nguvu yote ya injini zake, maana wa nyuma wanahitaji akiba ya kumfikia. Analaza bawa polepole na kidogo, kwa sababu ndege iliyo upande wa nje wa kona ina safari ndefu kuliko yake, na ya ndani ina fupi. Kila jambo analitamka redioni kabla ya kulifanya, kwa maneno yaleyale na kwa kasi ileile ya sauti. Marubani wa Patrouille de France hufanya zoezi hilo wakiwa chini: wanakaa kwenye viti, wanafumba macho, kiongozi anatoa amri kwa sauti yake ya angani, nao mikono yao inafuata onyesho lote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fanyeni hivyo hata kwa mzunguko wa kawaida wa kutua. Ni bure, na sijaona zoezi jingine linalomnyoosha mwanafunzi upesi kama hilo.

Anayefuata haangalii ndege yake. Hawezi: katika ndege ndefu ya abiria ncha za mabawa ziko mbali nyuma ya kiti chake, na kwa jicho hajui zimefika wapi. Anachukua alama mbili kwenye ndege ya kiongozi, tuseme ncha ya bawa na dirisha fulani, na kazi yake ni kuzilinda zisiachane. Zikianza kuachana amesogea, hata kama mwili haujahisi kitu. Na mpango wa kutoka unakubaliwa chini kabla ya kupaa: nani anakwenda upande gani, juu au chini, asipomwona mwenzake. Asiyemwona kiongozi hamtafuti, anaondoka.

Sasa hewa. Bawa linapobeba uzito, hewa ya chini hukimbilia juu kwa kuizunguka ncha yake, na nyuma ya kila ncha hubaki kisulisuli kisichoonekana. Kadiri ndege inavyokuwa nzito na ya mwendo mdogo, ndivyo kinavyokuwa na nguvu. Katikati ya visulisuli viwili hewa inashuka, nje yake inapanda, na vyenyewe huzama kwa kiasi cha futi 300 hadi 500 kwa dakika. Anayefuata ndege kubwa hukaa pembeni au juu kidogo, kamwe si nyuma na chini.

Tarehe 8 Juni 1966 huko Marekani, ndege 4 za aina tofauti zilijipanga pamoja na XB-70, ndege kubwa ya majaribio, kwa ajili ya picha za matangazo. Mojawapo, F-104, ndege ndogo ya kivita, ilirushwa na Joe Walker, mtu aliyekuwa ameifikisha ndege ya roketi X-15 juu ya kilomita 100. Ilisogea polepole ikakaribia mno ncha ya bawa la kulia. Hewa ya pale ikaibeba, ikaipindua juu ya XB-70 na kuvunja mikia yake. Walker alikufa, na Carl Cross, rubani msaidizi wa XB-70, pia. Al White aliokoka. Nawasimulia hili mara kwa mara kwa sababu Walker hakuwa mgeni wala mzembe. Kusogea polepole hakusikiki mwilini, na picha si sababu ya kukaa pale.

Hewa hiyohiyo inaweza pia kusaidia. Tarehe 9 Novemba 2021 A350 mbili zilitoka Toulouse hadi Montreal, ya pili ikiwa kilomita 3 hivi nyuma, ndani ya ile hewa inayopanda. Airbus ilisema safari hiyo iliokoa zaidi ya tani 6 za kaboni dioksidi. Mkono wa binadamu haungeshika nafasi hiyo saa nyingi. Mitambo ya kuongoza ndege ndiyo inayofanya iwezekane.

Turudi Luano. Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja mtakayoanzia kazi, ina uzito wa tani 4 hivi, Boeing 737 iliyo mbele yenu inaweza kupita 70. Kanuni ya kimataifa inataka dakika 2 kabla ndege nyepesi haijaondoka nyuma ya ndege ya wastani kama hiyo, na 3 ukiingilia katikati ya barabara ya kurukia. Asubuhi za Juni na Julai, baridi kali na upepo umelala, visulisuli hukaa muda mrefu. Upepo hafifu wa pembeni ni mbaya zaidi, maana unaweza kukishikilia kimoja juu ya lami palepale. Mkitua nyuma ya Boeing, kaeni juu ya njia yake na mguse chini baada ya kupita pale ilipogusa. Mkipaa nyuma yake, inueni pua kabla ya pale ilipoinulia, na kama hamwezi kubaki juu ya njia yake, geukeni upande upepo unakotoka.

Mkiingia ndani ya kisulisuli hata hivyo, rudisheni mabawa kwa mkono thabiti na mtoke. Msipige pedali za usukani wa mkia kulia na kushoto: tarehe 12 Novemba 2001 huko New York, ndege ya abiria A300 iliyopita katika hewa ya Boeing 747 ilivunjika mkia kwa kukanyaga huko, watu 265 wakafa. Na mnara ukiwapa ruhusa ya kuondoka mapema, rubani ana haki ya kukataa. Semeni redioni kwamba mnasubiri hewa itulie, bakini kwenye mstari wa kusubiria, mtazame saa hadi dakika zitimie.