Shangazi, mume wangu anauliza haya mapenzi nimejifunzia wapi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 34, mume na watoto watatu. Mwaka wa pili huu naandika simulizi za mapenzi kwenye simu, usiku watoto wakishalala, kwa jina la bandia. Nina kundi la WhatsApp la wanawake watupu, 212. Narusha sehemu tatu kwa wiki, na asiyetaka kusubiri ananitumia shilingi 2,000 nampa simulizi nzima. Mume wangu alikuwa hajui. Mwezi uliopita niliacha simu nyumbani akaisoma yote, simulizi na maongezi ya kundi. Akaniuliza: "Haya yote umejifunzia wapi? Na huyo daktari wa kwenye hadithi ni nani?" Nimeapa hakuna mtu, haamini. Halafu kuna dada alikuwa ameeleza kundini mambo ya ndoa yake, mume wangu akamsimulia rafiki yake kijiweni, maneno yakafika kwa mume wa yule dada. Wanawake zaidi ya sitini wametoka. Wifi yangu anasema mwanamke wa heshima haandiki mambo hayo. Mume anasema niache kabisa, au nimfanye yeye awe admini. Shangazi, niache?*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona wivu wa kawaida, ambao safu hii inaletewa kila wiki. Mara ya pili nikaangalia umempa nani nafasi. Daktari ambaye hayupo duniani kapata yake, wifi kapata yake. Yule dada ambaye siri yake imefika kijiweni umempitia haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Nitamrudia. Nianze na mumeo, kwa kuwa ndiye unayelala naye nyumba moja.

"Umejifunzia wapi?" Mwanamume anayeandika hadithi za majambazi haulizwi ameiba benki ngapi. Lakini usimjibu hivyo, atachukia zaidi. Mwambie ukweli, na ukweli wako ni mzuri. Wewe ni fundi. Mwanamke akisimama mbele yako kainua mikono, nawe umeshika tepu ya kumpima, anasema asilomwambia mama yake. Unamjua aliyerudisha gauni la sendofu mara mbili lipunguzwe kiuno, si kwa kufunga bali kwa mawazo. Unamjua anayeshona dera jipya kila meli ya mumewe ikikaribia. Umekulia mji ambao kanga husema yale mdomo uliyokatazwa. Mtu wa Tanga kuulizwa mapenzi kayajulia wapi ni kama mvuvi kuulizwa chumvi kaionjea wapi.

Lile swali la pili ndilo zito. Sidhani mumeo anataka jina la daktari. Anataka kujua daktari ana nini ambacho yeye hana, na jibu umeliandika mwenyewe, sehemu baada ya sehemu. Sijaisoma simulizi yako, lakini naweza kukisia: daktari anauliza "umekula?" na anasubiri ajibiwe. Anaweka simu kifudifudi mwanamke anapoongea.

Sikisii kwa uchawi. Mmarekani mmoja, Janice Radway, alikaa na wanawake wa mji mmoja wa kwao waliokuwa wasomaji wakubwa wa riwaya za mapenzi, akawauliza kwa nini wanasoma, na mwaka 1984 akatoa kitabu. Walimwambia mambo mawili ambayo nadhani wasomaji wako wangeyasema kwa Kiswahili bila kuongeza neno. La kwanza, saa ya kusoma ni saa yao peke yao, ambapo hakuna anayewaita mama wala anayeuliza soksi ziko wapi. La pili, wanaume waliowataka kwenye vitabu hivyo ni wale wanaojua kumtunza mwanamke, kwa sababu wao ndio wanaotunza kila mtu na hakuna anayewatunza wao. Haya mumeo anaweza kuyasikia bila kutukanwa.

Kwa hiyo mkalishe, umsomee kwa sauti, sehemu ya kwanza hadi ya tano. Yeye alisoma kama polisi anayepekua kabati, akaokota yale ya kitandani tu. Akisikia mwanzo, ule ambao msichana anahangaika na ada ya mdogo wake (na najua upo, simulizi zetu hazianzi bila ada ya mtu), atajua anasikiliza hadithi na si maungamo.

Sasa nakulaumu kidogo. Mwaka na zaidi unapokea pesa kwenye simu na mume hajui. Jiweke mahali pake: anaona miamala midogo midogo kutoka namba ngeni, kisha anaona mapenzi yameandikwa. Hata mimi ningeuliza daktari ni nani. Jina la bandia nalitetea, wanawake wengi wameandika nyuma ya pazia na walikuwa na sababu zao. Pesa ni jambo lingine. Mwambie ni kiasi gani na imekwenda wapi, na kama imekwenda kwenye sare za shule mwonyeshe hizo sare.

Kwa wifi sitakaa sana. Mkumbushe kwamba mwaka 1858 mwanamke wa heshima zote, Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, kisiwani Pate, alikuwa mgonjwa akamtungia binti yake utenzi wa wasia. Ndani yake, pamoja na kumcha Mungu na adabu za watu, kuna namna ya kukaa na mume: pete zisikose vidoleni, hina isikauke, wanja usitoke machoni. Mimi na yeye tungebishana mengi kuhusu kumtii mume, lakini hakuna aliyesema huyo hakuwa na heshima. Aliandika mambo ya chumbani kwa sababu binti yake angeyahitaji.

Kama wifi hatosheki na mwambao, mpeleke Kano, kaskazini mwa Nigeria, mji wa Waislamu kama sehemu kubwa ya Tanga. Huko wanawake wameandika riwaya za mapenzi kwa Kihausa tangu miaka ya themanini, wengi wakianzia kwenye madaftari ya shule, wakichapa vitabu vyembamba kwa pesa zao na kuviuza sokoni. Wenyewe wanaziita littattafan soyayya, vitabu vya mapenzi. Mmoja wao ni Balaraba Ramat Yakubu, dada yake Jenerali Murtala Mohammed aliyekuwa kiongozi wa nchi. Ukoo mkubwa, lakini yeye aliozwa akiwa na miaka kama 12, akaachika, akajifunza kusoma ukubwani. Riwaya yake ya 1990 inahusu mke anayefukuzwa na watoto wake kwa ajili ya mke mpya, akasimama kwa kupika na kuuza chakula. Mwaka 2012 ilitoka kwa Kiingereza, na walioichapa walikuwa Wahindi. Daktari wako wa Tanga asikate tamaa.

Wanawake hao nao waliambiwa wanaharibu mabinti. Mwaka 2007 gavana wa Kano alivichoma vitabu hivyo hadharani. Hawakuacha. Wifi yako ana ulimi tu, hana kiberiti.

Nami nikiri: shule ya bweni niliyosoma, miaka ya sabini, vitabu vya Mills & Boon, riwaya za mapenzi za Kiingereza, vilikuwa haramu. Kimoja kikiingia tulikichana vipande vitano ili watu watano wasome kwa mpigo, kila kipande ndani ya kitabu cha Biolojia, na aliyepewa cha tatu kabla ya cha pili alikuwa na tabu yake. Matroni alitukamata, akavikusanya. Baada ya siku mbili aliniita pembeni kwa sauti ya ukali akauliza kipande cha mwisho kiko wapi. Wengi wetu hatukuharibika, na Kiingereza changu kilipanda.

Basi, usiache kuandika. Hilo ndilo jibu la swali ulilouliza, na ndilo dogo.

Kubwa ni hili la admini. Hapana. Hata mkipatana vizuri namna gani, hapana. Simulizi ni zako, mume wako azisome zote, hata akizisahihisha nukta ni sawa. Lakini kundi lile lina mambo mawili ndani yake, nawe umeyachanganya, na yeye amekufuata katika kuyachanganya. Kuna hadithi uliyoitunga, na kuna maneno ya wanawake walioisoma wakasema "hata mimi". Hayo ya pili si mali yako, kwa hiyo huwezi kumpa mumeo ruhusa ya kuyasoma. Waliyasema wakijua wapo wanawake watupu, kama ndani ya ngoma ya unyago ambako mwanamume haingii hata akiwa ndiye mwenye nyumba. Mwambie hivyo hivyo. Mtu wa pwani analijua hilo tangu utotoni, amesahau tu kwa sababu safari hii unyago ulikuwa kwenye simu na mlango haukufungwa.

Na kosa la mlango ni lako. Yeye alitoboa siri, lakini aliikuta wazi. Weka namba ya siri kwenye simu, na usimfiche kwamba umeiweka; mwambie ni kwa ajili yao. Kisha gawa kundi. Moja liwe la kusoma tu, ambalo wewe pekee unarusha. La maongezi liwe jingine, wanaotaka waingie kwa hiari, na uweke ujumbe ujifute baada ya siku. WhatsApp yenyewe ina nafasi hiyo. Maungamo ya mtu hayana haja ya kukaa kwenye simu yako mwaka mzima.

Tena nikuulize, na ujijibu mwenyewe usinijibu mimi: umewahi kuchukua kisa cha msomaji ukakitia kwenye simulizi, ukabadilisha mji na rangi ya gari tu? Waandishi hufanya hivyo, nami siwezi kusema ni dhambi. Lakini mwanamke akikisoma kisa chake sehemu ya 19, mbele ya wengine mia mbili, anajijua hata kama hakuna mwingine anayemjua. Kama umefanya kwa huyu dada, hilo nalo limo kwenye deni lako.

Hao sitini usiwakimbilie kwa kuwabembeleza warudi. Wametoka kwa akili zao. Nimeona kundi kubwa kuliko lako mara zaidi ya arobaini likiporomoka kwa namna hiyo. Mwaka 1980, Houston huko Marekani, waandishi wa riwaya za mapenzi walianzisha chama chao, na mmoja wa waanzilishi alikuwa mhariri mweusi, Vivian Stephens. Kilifika wanachama kama 10,000. Miaka yote hiyo wakosoaji waliwacheka na hawakuwapunguzia kitu. Mwisho wa 2019 viongozi wao walimwadhibu mwanachama, Courtney Milan, aliyesema kitabu cha mwenzao kina ubaguzi wa rangi. Watu wakaanza kutoka, tuzo za mwaka zikafutwa, na Mei 2024 chama kikaenda mahakamani kuomba hifadhi ya mufilisi kikiwa kimebakiwa na wanachama kama 2,000. Walistahimili dharau za nje miaka arobaini, wakashindwa na hofu ya kwamba ukisema jambo ndani, ndani hakukulindi. Kundi lako lina hofu hiyo hiyo sasa. Kabla ya kurusha sehemu nyingine yoyote, waandikie waliobaki: simu yangu ilisomwa, nilizembea, siri ya mwenzetu imetoka, nimebadilisha hivi na hivi. Usimtaje mumeo kwa ubaya, usiseme "shetani alipita". Yule dada usimtaje kabisa.

Mumeo naye ana la kufanya. Siri aliitoa kijiweni, basi arudi kijiweni amwambie rafiki yake kwamba alisema lisilomhusu na lisirudiwe. Haitafuta kitu, najua. Lakini ukimpa kusoma simulizi na kumweleza pesa, una haki ya kumdai hili moja, na ulidai kabla hamjaongea habari ya daktari tena.

Yule dada mwenyewe mwendee kwa miguu. Si kwa ujumbe, si kwa sauti ya kurekodi, na usimtume mtu. Kwanza hakikisha kwa anayemjua kwamba kufika kwako hakumtii matatani na mumewe. Kama nyumbani hapafai, mngojee sokoni au kliniki, mahali ambapo mwanamke kusimama na mwanamke hakuulizwi. Usimweleze jinsi ulivyoumia wewe. Mwambie simu ilikuwa yangu, kosa ni langu, na umuulize anataka ufanye nini. Anaweza kutaka ufute kila alichoandika, au uende kusema neno kwa mkwewe. Anaweza pia kukutukana mpaka watu wageuke, nawe utasimama umsikilize. Akikataa kuongea, muage, uondoke, na usirudi mpaka akuite.