Ada ya majitaka na mfano wa kaunti ya Jefferson
Ndugu, umeandika kwamba kaunti ya Jefferson, huko Alabama nchini Marekani, ni ushahidi kuwa kupandisha ada ya majitaka ni wizi mtupu, sikubaliani nawe. Mabomba yaliyochakaa yalikuwa yakimwaga kinyesi katika mto Cahaba, na makubaliano ya kisheria ya mwaka 1996 yaliilazimu kaunti kuyakarabati, kwa hiyo ada isingeweza kubaki palepale. Kilichowaumiza wananchi, hasa maskini wa Birmingham, jiji kuu la kaunti hiyo, ni mikopo ya ukarabati huo yenye riba inayobadilika na hongo walizopokea viongozi waliokuja kufungwa, hadi kaunti ikaomba kinga ya mufilisi, yaani ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, Novemba 2011. Ada ipande, lakini mikataba ya mikopo iwekwe wazi kabla ya kusainiwa, na kaya zenye kipato kidogo zipewe nafuu.